Barua ya Soja Kivisi

Kidonda kiko kisiginoni, wiki ya saba,
upana wa sarafu ya shilingi kumi.
Amekiosha kwa maji ya chumvi kama mamake alivyomfunza kule Vihiga,
akakifunga kwa kipande cha shuka.
"Daktari," ananiita, nami si daktari,
mimi ni wa maabara, chumba cha nyuma, karibu na choo.
"Hiki kitu kimekataa kufunga."

Nikamchoma kidole. Tone moja.
Nikalitandaza kiooni, likakauka, nikalitia rangi,
nikainamia hadubini.
Stima zilikuwa zimepotea tangu saa nne,
jenereta ya jirani inanguruma.

Seli nyeupe zilikuwepo. Nilizihesabu mara mbili.
Hazijapungua; kila moja na kiini chake cha vipande vitatu, vinne,
safi kama picha ya kitabuni,
na hilo ndilo lililonikera:
zamu imejaa, na mwizi ameingia.
Hadubini huonyesha nani yuko kazini.
Haionyeshi nani anafanya kazi.

Nikageukia nyekundu.
Vijidoa vya samawati, vingi, kama mkate ulioanza ukungu.
Nilishaviona mara moja tu, mwaka wa pili chuoni,
Bi. Nkatha akigonga meza kwa kalamu:
"Mkiona hivi msiulize mtu anaumwa wapi.
Ulizeni anafanya kazi wapi."

Basi nikauliza.

"Mimi soja. Nyuma ya Lunga Lunga,
pale wanapoyeyusha betri kuukuu.
Miaka kumi na moja getini, hakijapotea hata kijiko."
Na usiku?
"Usiku ndio wanawasha tanuri.
Moshi una utamu fulani, unakaa ulimini kama sukari guru.
Nikinywa chai, sihitaji kuongeza."

"Mzee, hii ni risasi."

Alicheka mpaka akashika ukuta.
"Risasi? Mimi nina rungu na tochi!
Hakuna aliyewahi kunifyatulia."

Si zote hulia, nikamwambia.
Iko inayoingia kwa pumzi, usiku kwa usiku,
imevaa sare ya chokaa ya mifupa,
na walinzi wa damuni wanaifungulia, wanaipigia saluti.
Wewe soja, unajua:
mwizi mwenye sare hapigiwi kelele.
Ikishakaa ndani, si lazima iwaue walinzi. Inawapumbaza.
Kidonda kinaita, wanafika wamechelewa.
Wanamkamata kijidudu, wanasahau kummeza.
Mmoja anapuliza firimbi, haitoi sauti;
mwingine anampiga rungu mwenye nyumba.

Hakucheka tena. Alikitazama kisigino
kama mtu anayesoma daftari la zamu
na kukuta ukurasa umechanwa.
"Kwa hivyo," akasema, "niliyekuwa nikimlinda
ndiye."

Sikuwa na jibu. Nilijifanya natafuta pamba.

Aliomba barua ya kumpelekea bosi:
ahamishiwe geti la mbele, mbali na tanuri,
au hata barakoa, ile nzuri, si ya kitambaa.
Nikaandika jina, Ezra Kivisi Mudanya,
nikaandika kidonda, vijidoa,
na kwamba damu ipelekwe maabara kubwa ipimwe kwa mashine.
Nilipofika kwenye neno lenyewe nikasita.

*Mfanyakazi wako ana risasi mwilini.*

Akisoma haraka, huyo bosi ataruka kitini,
atauliza nani kafyatua, saa ngapi, polisi wameitwa?
Ningeweza kuongeza: ya betri. Ya moshi.
Nafasi ilikuwepo, nusu mstari mzima.

Mzee Kivisi alikuwa tayari anavaa kiatu,
zamu inaanza saa kumi na mbili.

Nikaweka nukta hapo hapo.
Nikagonga muhuri.